Maghorofa yanapanda, mabasi bado matupu: shida iko wapi hasa?

Kuna aina ya jengo ambalo ukishalielewa mara moja utaanza kuliona kila mahali. Ghorofa thelathini, vioo kuanzia juu mpaka chini, mapokezi yana marumaru na maua. Sasa anza kuhesabu kutoka chini. Juu ya mapokezi kuna ghorofa kama sita hivi hazina dirisha, zimezibwa kwa wavu wa chuma au bati lenye matundu ya urembo, ukipita usiku unaona taa nyeupe zinawaka humo na hamna mtu. Humo wanalala magari. Binadamu wa kwanza anaanzia ghorofa ya nane. Mbele ya jengo kuna barabara ya njia nane, ng'ambo yake kuna nguzo yenye kibao cha basi, hamna benchi wala kivuli, na ili ufike pale inabidi utembee mpaka kwenye taa, usubiri, uvuke nusu, usimame katikati na magari yanakupita mbele na nyuma, usubiri tena.

Afu kiongozi anakuja kukata utepe, anasema mji sasa unakuwa wa kisasa, watu wataishi karibu na usafiri wa umma. Majirani wa zile nyumba za chini zenye bustani nao wanalalamika kwamba hilo ghorofa litaleta foleni. Ukiniuliza mimi, majirani wako karibu zaidi na ukweli kuliko huyo mwenye mkasi, ila sababu wanayoitoa siyo yenyewe. Wanadhani foleni inaletwa na watu mia tano waliohamia pale juu, wakati foleni inatoka kwenye zile ghorofa sita zisizo na dirisha.

Tuanze na habari ya msongamano wa watu maana hapa ndo wengi wanachanganya mambo. Jengo refu ni kitu kimoja, watu wengi kwenye eneo dogo ni kitu kingine kabisa. Paris yenyewe, yaani ule mji wa ndani na siyo vitongoji, ina watu kama 20,000 kwa kila kilomita ya mraba, na majengo yake mengi ni ya ghorofa sita au saba tu, yamebanana ukuta kwa ukuta. Mnara mmoja wa ghorofa arobaini uliozungukwa na viwanja vya kuegeshea magari hauwezi kufika hapo hata ufanyeje, maana ukigawanya watu wake kwa eneo lote linalouzunguka unapata namba ya kawaida sana.

Na kuna hii ambayo huwa inashangaza watu. Sensa ya Marekani ya 2010 ilionyesha kwamba eneo la mji lenye watu wengi zaidi kwa kilomita ya mraba nchini humo, ukichukua mji pamoja na vitongoji vyake vyote vilivyoungana, ni Los Angeles, karibu watu 2,700. New York ilikuwa na kama 2,050. Ndiyo, Los Angeles hiyohiyo ya barabara kuu na magari. Sababu ni kwamba vitongoji vya New York vimetawanyika sana, nyumba moja hapa nyingine kule msituni, ila katikati pamejaa kupita kiasi, wakati Los Angeles imejaa kiasi kilekile karibu kila mahali, kama siagi iliyopakwa sawasawa mkate mzima. Treni haiwezi kuhudumia siagi ya namna hiyo. Treni inataka mabonge, watu wengi hapa, watu wengi pale, na mstari unaounganisha.

Kuna mtaalamu wa mipango miji anaitwa Alain Bertaud aliwahi kuilinganisha Atlanta ya Marekani na Barcelona ya Hispania kwa takwimu za mwaka 1990, na namba zake mpaka leo zinatumika kwa sababu zinauma. Miji yote miwili ilikuwa na watu karibu sawa, Atlanta milioni 2.5 na Barcelona milioni 2.8. Lakini Barcelona ilikaa kwenye kilomita za mraba 162 na Atlanta ilikaa kwenye 4,280. Barcelona ilikuwa na kilomita 99 za metro, yaani treni ya mjini inayopita zaidi chini ya ardhi, na asilimia 60 ya watu wanaishi ndani ya mita 600 kutoka kwenye stesheni, Atlanta ilikuwa na kilomita 74, siyo kidogo hata kidogo, na ni asilimia 4 tu ya watu waliokuwa ndani ya mita 800. Akapiga hesabu, ili Atlanta iwe na huduma kama ya Barcelona ingebidi ijenge kilomita kama 3,400 nyingine za reli na stesheni 2,800. Barcelona yenyewe ilikuwa na stesheni 136. Kwa hiyo mtu akikwambia "si wajenge tu metro" kwenye mji uliotawanyika, mkumbushe hiyo namba ya 2,800.

Hesabu yenyewe ya ndani ni rahisi, hata wewe unaweza kuifanya. Mtu wa kawaida anakubali kutembea kama mita 800 kufuata treni, basi la kawaida hata nusu ya hapo. Chora duara la mita 800 kuzunguka stesheni, unapata eneo la kilomita za mraba 2 hivi. Kama pana watu 1,000 kwa kilomita, una watu 2,000 jumla, wakiwemo watoto na wazee na wanaofanya kazi nyumbani. Wakiwa 10,000 kwa kilomita, una 20,000. Treni ileile, stesheni ileile, gharama ileile ya kuchimba. Ndo maana mantiki ya kujenga juu karibu na stesheni haina kosa, mimi siipingi, ila duara hilo ni la kwenye karatasi tu. Kwenye ardhi unakuta barabara kuu imelikata katikati, au mitaa yake ni ile ya kuzunguka-zunguka isiyotokea popote, nyumba unaiona kwa macho iko mita 300 kutoka kituoni ila kufika kwa miguu ni kilomita nzima kwa sababu kuna ukuta. Na mara nyingi kipande kizuri kabisa cha hilo duara, pale mlangoni pa stesheni, kimewekwa kiwanja cha kuegesha magari ya abiria. Gari moja ukihesabu na njia yake ya kupita linakula kama mita za mraba 30. Magari 1,000 ni hekta tatu za ardhi ya dhahabu, na wenye hayo magari wote wakija kwa mpigo wanajaa kwenye treni moja ya metro. Moja! Nyingine zote za siku hiyo utazijaza na nani?

Haya, sasa maegesho. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu naona ndo moyo wa jambo lenyewe.

Miji mingi iliyotawanyika ina sheria, wengi hata hawajui kama ipo, inayosema ukijenga nyumba lazima uweke nafasi kadhaa za magari kwa kila fleti, ukijenga ofisi nafasi kadhaa kwa kila mita za mraba kadhaa, mpaka kanisa na saluni vina namba yake. Chukua fleti ya mita za mraba 60, sheria inasema nafasi mbili. Nafasi mbili ni mita za mraba 60. Yaani gari limepewa nyumba sawa na ya mwenye nyumba. Na gharama yake haionekani popote kwenye mkataba wa mpangaji, imemezwa ndani ya kodi, kwa hiyo yule dada asiye na gari anayepanda basi kila asubuhi analipia nafasi ya gari ambalo hana. Na yule ambaye alikuwa anajiuliza kama anunue gari, ameshalipia maegesho tayari, atajiuliza nini tena?

Profesa Donald Shoup wa UCLA, chuo kikuu cha pale Los Angeles, alikuwa na mfano ambao mimi nauona ni mzuri kuliko yote. Ule ukumbi wa muziki wa Walt Disney pale katikati ya Los Angeles, uliochorwa na msanifu Frank Gehry, ule wenye mabati ya kung'aa yaliyojikunja. Kabla ukumbi haujajengwa kilitangulia kujengwa chini yake kiegesho cha magari 2,188, ghorofa sita kwenda chini, dola milioni 110. Kikamalizika 1996. Ukumbi wenyewe pesa zikasumbua, ukaja kufunguliwa 2003. Miaka saba maegesho ya ukumbi ambao haupo. Na kwa sababu kaunti ilikopa kujenga hicho kiegesho na deni lazima lilipwe na watu wanaoegesha, mkataba ukaitaka okestra ipige maonyesho yasiyopungua 128 kila msimu. Muziki unapigwa ili maegesho yajilipe. San Francisco nao walijenga ukumbi wao wa okestra mwaka 1980 bila kiegesho, watu wakitoka wanatembea mtaani, wanakula, wanapanda treni. Kule Los Angeles unashuka na lifti mpaka kwenye gari, unatokea barabarani, umeenda. Mtaa haujakuona kabisa.

Ndo hicho kinachotokea kwenye lile jengo nililoanza nalo. Mtu anatoka mlangoni kwake ghorofa ya ishirini, lifti, gari, barabara kuu, lifti ya ofisini. Anaishi mita 200 kutoka kwenye treni na hajawahi kukanyaga chini. Hilo ni kitongoji kilichosimamishwa wima, basi.

California mwaka 2022 walipitisha sheria ya kuzuia miji isilazimishe maegesho kwenye majengo mengi yaliyo ndani ya nusu maili kutoka kwenye kituo kikubwa cha usafiri, ikaanza kufanya kazi 2023. Buffalo, mji wa jimbo la New York, ilishafuta ulazima huo mji mzima tangu 2017. Angalia lakini, kufuta ulazima haimaanishi kukataza. Wajenzi wengi bado wanaweka maegesho mengi tu kwa sababu benki inayowakopesha inawauliza, hizo fleti bila nafasi ya gari nani atanunua? Na benki haina kosa sana, inajua basi linapita kila baada ya nusu saa.

Hapo tunafika kwenye ile hadithi ya yai na kuku. Watu hawapandi basi kwa sababu halieleweki, basi haliongezwi kwa sababu watu hawapandi. Wengi wanaangalia spidi, basi linakimbia kiasi gani, treni ina injini gani, ila kinachomuumiza abiria ni kusubiri. Basi likija kila dakika 30 na hujui ratiba, kwa wastani unasubiri 15. Ukibadilisha basi njiani na la pili nalo ni la dakika 30, ongeza 15 nyingine, tayari nusu saa umesimama tu juani hujaenda popote. Zote zikija kila dakika 10, jumla ni dakika 10. Barabara ileile, njia ileile, mabasi na madereva wameongezwa tu. Hamna utepe wa kukata kwenye kuongeza madereva, labda ndo maana haipendwi.

Toronto ya Kanada inafundisha kitu hapa. Vitongoji vyake vya baada ya vita vinafanana na vya miji mingine ya Amerika Kaskazini, barabara pana, nyumba zenye gereji, na minara ya fleti ya miaka ya 1960 na 1970 iliyosimama kwenye majani mbali kabisa na metro. Ukiangalia picha ya angani utasema hapa bila gari umekwisha. Lakini barabara zake kubwa zimenyooka kwa gridi, zimeachana kama kilomita mbili-mbili, na mabasi yanapita juu ya hiyo gridi moja kwa moja yanafuatana, nyingi kila dakika 10 au chini ya hapo, na yanajaa. Hawakusubiri mji ubadilike sura kwanza. Vancouver, hukohuko Kanada, nayo treni yake ya SkyTrain, iliyoanza mwishoni mwa 1985, haina dereva, kwa hiyo kuongeza treni usiku hakugharimu sana, zinakuja tu, na mashina ya minara kama Metrotown yameota kwenye stesheni kwa sababu mnunuzi anajua akikosa moja nyingine iko njiani. Na watu wake waliwahi kugoma miaka ya 1960 barabara kuu isipitishwe katikati ya mji, hiyo nayo ilisaidia, hawakuwa na njia ya mkato ya kurudi kwenye gari.

Kinyume chake ni Houston, Texas, na ile barabara kuu ya Katy, iliyopanuliwa ikamalizika 2008 kwa dola bilioni 2.8 hivi, sehemu nyingine ukihesabu na njia za pembeni zinafika 26. Foleni ilirudi. Sina la kuongeza hapo.

Sasa swali la pesa, na hapa historia ina utani wake. Los Angeles ilikuwa na treni, tena nyingi. Kampuni ya Pacific Electric ya Henry Huntington ilikuwa na reli zaidi ya kilomita 1,600, yale mabehewa mekundu. Huntington hakuwa na mpango wa kutajirika kwa nauli. Alikuwa ananunua mashamba, anapeleka reli, anakata viwanja, anauza. Viwanja vikiisha, reli inabaki kuwa mzigo, kila mwaka inakula hasara, nyumba zenyewe ni za chini zimetawanyika, magari yanakuja yanashiriki njia na treni kwenye makutano, treni inazidi kuchelewa. Laini ya mwisho ya kwenda Long Beach ikafungwa 1961. Mwaka 1990 mji ukafungua treni mpya ya kwenda Long Beach, sehemu kubwa imepita palepale kwenye njia ya zamani, wakalipa upya.

Huku Japani mwaka 1910 bwana Ichizo Kobayashi akaanza na reli ndogo nje ya Osaka inayopita mashambani, wazo karibu lilelile, akauza nyumba pale Ikeda watu wanalipa kidogokidogo kila mwezi. Tofauti ni kwamba yeye hakuuza akaondoka. Mwisho wa reli upande wa Takarazuka akaweka burudani ili mabehewa yasiende matupu upande ule, na kwenye stesheni kuu ya Umeda akajenga duka kubwa la ghorofa, 1929. Kila anayeshuka kwenye treni anapita dukani kwake. Treni ikichelewa, duka linaumia, kwa hiyo treni haichelewi. Hong Kong wakafanya hivyohivyo kwa ukubwa wa kutisha, kampuni ya metro inapewa haki ya kujenga juu ya stesheni kwa bei ya ardhi ya kabla reli haijafika, inajenga minara na wajenzi binafsi, inabaki na maduka, kodi inaingia miaka na miaka. Kule mwenye ghorofa na mwenye treni ni mtu mmoja. Kwenye mji uliotawanyika anayejenga ghorofa anauza fleti ya mwisho, anapokea hundi yake, na habari za basi zinabaki za serikali ya mji ambayo haikupata hata senti ya ile faida ya ardhi kupanda.

Kuna jambo moja linalonisumbua kwenye hii habari nzima na sioni watu wakilisema vya kutosha. Saruji inayokwenda juu ni ghali. Ukivuka urefu fulani unahitaji msingi wa kina, lifti zaidi, pampu za maji, mifumo ya moto, kwa hiyo kila mita ya mraba inagharimu kuliko ya jengo la ghorofa tano. Maana yake fleti za mnara wananunua wenye pesa, na wenye pesa ndo wenye magari. Waliokuwa wanaishi pale kwenye vijumba vya zamani, ambao ndo walikuwa abiria wa kila siku, kodi imewasukuma mbali ambako basi halifiki, nao wakanunua gari la mtumba. Watafiti wa UCLA waliangalia kusini mwa California kati ya 2000 na 2015, watu waliongezeka milioni 2.3 na magari ya nyumbani yakaongezeka milioni 2.1. Muongo wa kabla yake walikuwa wameongezeka watu milioni 1.8 na magari kama laki nne na nusu tu. Reli zilikuwa zinajengwa kipindi hichohicho, abiria wakapungua.

Kwa nini basi wasijenge majengo ya kati, ghorofa nne mpaka sita, mitaa yote? Kwa sababu kwenye miji hii sehemu kubwa ya ardhi ya makazi kisheria ni ya nyumba moja ya familia moja. Kugusa hapo ni vita na kila mwenye nyumba. Kwa hiyo wanasiasa wanachukua vipande vidogo vilivyobaki, pembeni ya barabara kubwa, na kusema haya, wote nendeni hapo, juu kadiri mnavyoweza. Mnara ni matokeo ya marufuku iliyoko nyuma yake. Na hata vipande hivyo vinapunguzwa, mwaka 1986 wapiga kura wa Los Angeles walipitisha pendekezo lililokata nusu ya ukubwa unaoruhusiwa kujengwa kwenye sehemu kubwa ya ardhi ya biashara, zikiwemo barabara zilezile ambazo mabasi yalikuwa yanajaa. Tena, baada ya gesi kulipuka kwenye duka moja mtaa wa Fairfax mwaka 1985, Bunge la Marekani likazuia pesa za serikali kuu zisitumike kuchimba metro sehemu ile, na katazo likakaa mpaka 2007. Minara ya Wilshire, barabara kubwa inayopita sehemu hiyo, ilikuwepo tayari. Ikakaa zaidi ya miaka ishirini ikisubiri treni, na maegesho yake yakafanya kazi yake.

Siku hizi kuna wajenzi wachache wanaofanya kitu ambacho ukipita huwezi kukiona usipojua. Kiegesho cha kawaida sakafu yake inapanda taratibu, gari linazunguka juu kwa mteremko huohuo linapoegesha. Hicho hakitakuwa nyumba milele, nani ataweka kitanda kwenye mteremko. Wengine sasa wanamwaga sakafu bapa, dari wanainyanyua kidogo, mteremko wa kupandia magari wanauweka pembeni peke yake ili uje ubomolewe, na wanaacha njia za mabomba ya maji yasiyotumika. Ukiona jengo bado liko kwenye nguzo, kabla hawajaliziba na wavu, simama uangalie hizo ghorofa sita zimelala au zimeinama.